Kado

Jiwe la malakiti lina pete ndani yake,
duara ndani ya duara, kama maji yaliyotupiwa kokoto
yakasahau kutulia.
Kazi yangu ni kutafuta katika pete hizo
mnyama ambaye mtu amekwisha kumlipia.

Injiniya Wei wa mgodini alitaka popo watano, mabawa yagusane.
"Popo? Yule wa darini, anayekunyia mahindi?"
Akacheka mpaka miwani ikamshuka.
Kwao, alisema, popo na baraka hutamkwa kwa sauti moja;
ukipewa watano, heri imetimia.
Nikamchongea. Mke wa jirani alipowaona
akavuka barabara.
Nikamwonyesha pia kobe, kazi ya wiki mbili,
gamba limelalia pete za jiwe sawasawa:
mpelekee mkweo, aishi miaka mingi.
Kicheko kikakatika. Akamgeuza kobe chali,
kwa upole, kama mtu anayefunika kikombe,
wala hakuniambia kwa nini.

Mzee Chandarana wa duka la vitambaa: tembo, mkonga juu.
Ukishuka, bahati inamwagika.
Mmoja nilimkata mkonga chini. Alirudi jioni ile ile
amefungwa ndani ya gazeti, kama samaki.

Kisha akaja Madamu Solange na karatasi.
Bundi.
"Baba yangu anastaafu ujaji. Bundi ni hekima."
Nikatazama kalamu yake ikichora macho makubwa mawili.
Karo ya shule ilikuwa imefika. Nikapokea arabuni.

"Huyo," alisema mama yangu,
"alilia juu ya paa Bukama, usiku ule wa baba yako.
Leo unamchongea macho ili auone mlango vizuri."
Akakunja mkeka, akahamia kwa dada yake Katuba.

Nilimchonga usiku, mlango wazi,
kikohozi kikiacha kijani kwenye leso.
Macho niliyaweka mwisho.
Nikamfunika kwa kitambaa cha Ngalula, kile cha kanisani,
na Ngalula hakunisemesha siku mbili.

Madamu hakuja Ijumaa. Hakuja mwezi ule.
Bundi akakaa juu ya kabati,
wageni wakiuliza pale kuna nini,
nasi tukisema redio.

Mvua za Januari, Monga alikuwa ameanza kutembea,
kutembea na kuvuta kila kinachoning'inia.
Tulikuwa tumemshusha bundi ili tupake kabati rangi.
Mimi niko uani nayeyusha nta, nikasikia kimya,
kile kimya cha mtoto, nikakimbia.
Amekaa sakafuni, bundi katikati ya miguu yake,
anamlisha bukari kwa kidole, tonge baada ya tonge.
"Kuku," akaniambia. "Kuku anakula."

Mama alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua sufuria yake.
Alisimama muda mrefu.
"Huyo kuku," akauliza, "hatagi?"
Na akaingia, akavua viatu.

Madamu alikuja mwezi wa sita na pesa zilizobaki.
Baba yake hakuwahi kustaafu, alisema. Alifariki Machi.
Sikumtazama mama. Mama alitazama dari.
Mdomoni mwa bundi kulikuwa na bukari iliyokauka;
nikachukua brashi.
"Wacha," alisema Madamu, akambeba hivyo hivyo,
kifuani, si mkobani,
na Monga akalia hadi kona ya barabara.

Sasa namchongea kuku.
Miaka ishirini na miwili ya kazi, na sijui shingo yake inaanzia wapi.
Chui nimechongea mabwana, mamba nimechongea maaskari,
lakini kuku ndiye tunayepeana siku zote,
posa, msiba, mgeni wa ghafla,
tunamshika miguu, kichwa chini, tunasema asante,
na hakuna aliyewahi kuniomba nimtazame.